Thamosi ya Kubonyeza

Mimi ni mtu wa hasira za karibu, nalijua hilo, sihitaji kuambiwa. Lakini mwaka huu thamosi moja imenitoa jasho kuliko mwanamume yeyote niliyewahi kugombana naye. Usicheke. Kaa nikueleze.

Baba yangu, Mzee Makau, ana miaka sabini na sita. Amechonga vinyago hapa Eastlands karibu miaka arobaini, twiga, vifaru, na vile vijiko virefu wanavyopenda watalii, mpaka mwaka juzi kiharusi kikaja kikaulegeza mkono wake wa kulia. Anatembea. Anaongea vizuri tu, na kubishana anabishana kuliko zamani. Vilivyopungua ni vitu viwili: nguvu za ule mkono, na kumbukumbu ya alichofanya dakika tano zilizopita. Tunaishi wawili, mimi naye, orofa ya tatu, Umoja.

Na Baba bila kahawa hawezi. Nyeusi, ya tangawizi, bila sukari: saa mbili asubuhi, saa tano, saa tisa. Daktari alimruhusu vikombe vitatu, na hivyo vitatu hajawahi kuvisahau hata siku moja.

Sasa mimi ni karani wa stoo kwenye kiwanda kimoja Baba Dogo. Nilikuwa nikitoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri na kurudi saa moja jioni, saa mbili nikipata ovataimu. Katikati hapo Baba alikuwa peke yake na meko ya gesi.

Mara ya kwanza alifungua gesi, akaenda kutafuta kiberiti, akaketi kwenye kochi kusikiliza redio. Kawsar, jirani yetu wa mlango unaotazamana na wetu, ndiye aliyesikia harufu akaja mbio, mtoto mgongoni. Nikaficha viberiti; akateremka ngazi zote zile akanunua kingine kioski. Nikang'oa regyuleta ya mtungi wa gesi nikaenda nayo kazini ndani ya mkoba. Siku hiyo, Mungu wangu, akawasha jiko la makaa sebuleni, madirisha yote yamefungwa! Kawsar tena. Nikairudisha regyuleta mahali pake, maana afadhali gesi inayonuka kuliko moshi wa makaa unaokuua umekaa kimya. Wasichana wa kazi? Nimeleta wawili. Mmoja Baba alimfukuza kwa kumtilia sukari, wa pili kwa kuzima redio.

Kaka yangu Kyalo, anayeishi kwetu, mji wa Wote, akanipigia simu. Kyalo ni mtu wa maneno machache, na hayo machache huwa ameyapigia msumari. "Nzisa, ikitokea tena, hata mara moja, namchukua nimlete huku shamba."

Shamba gani? Baba alitoka huko akiwa kijana wa miaka ishirini. Wenzake wote wamekufa. Kyalo mwenyewe anashinda dukani kwake, kwa hiyo Baba angebaki na mchunga mbuzi. Nilipomweleza Baba, alikuwa anamenya ndizi. Hakuacha kumenya. "Huko nikienda, naenda kufa," akasema, kisha akala ndizi yake. Tangu siku hiyo sikutulia tena. Nikikaa nasimama, nikisimama natafuta simu, nikiwa kazini nasikia harufu ya gesi mahali hakuna gesi.

Wazo la thamosi lilinijia stoo, nikipanga katoni. Kama kahawa ingekuwa mezani, moto, kutoka alfajiri mpaka jioni, Baba angeenda kwenye meko kufanya nini? Nikaona jinsi nilivyokuwa mjinga muda wote huo. Jumamosi mchana nilikuwa Mutindwa sokoni, naingia duka hili natoka lile.

Katika duka la sita nikamkuta Sharmarke, kijana wa Kisomali mwenye ndevu za kuchongeka na subira ambayo mimi sina.

"Dada, unataka ya chai au ya kahawa?"

"Nataka ya kumzuia mzee asiwashe gesi."

Akacheka. Akaniangalia usoni, akaacha kucheka, akapanda ngazi akaanza kuteremsha thamosi moja moja.

Ya kwanza ilikuwa ya kioo ndani. Inashika joto vizuri sana, akasema, lakini ikigongwa mara moja tu, umebaki na vigae. Na mkono wa Baba unagonga kila kitu. Hapana. Ya pili ilikuwa ya chuma cha pua, kifuniko cha kuzungusha. Kuzungusha kunataka mikono miwili. Hapana. Ya tatu ina kitufe cha kubonyeza kwa dole gumba, lakini lazima uinyanyue uinamishe, na lita moja na nusu si mchezo kwa mtu wa mkono mmoja. Hapana, hapana. Mwisho akanipa ile ya kubonyeza kichwani: inakaa palepale mezani, unaweka kiganja juu, unashindilia, na kahawa inatoka mdomoni yenyewe. Nikauficha mkono wa kulia mgongoni nikajaribu kwa wa kushoto. Nikajaribu kwa ngumi. Nikajaribu kwa kiwiko. Wateja wakaanza kunikodolea macho.

"Unanunua au unapigana nayo?" Sharmarke akauliza.

"Una maji yanayochemka?"

"Maji?"

"Mimi sinunui mdomo. Nataka kuona."

Alikuwa na birika la umeme chini ya kaunta. Tukajaza thamosi tatu, tukangoja, na mimi nikawa natembea kutoka mlangoni mpaka kaunta, kaunta mpaka mlangoni, mpaka akaniomba nikae. Baada ya muda akanifundisha kitu ambacho sitakisahau. "Weka kiganja nje, hapa tumboni. Ikipata joto nje, hiyo imekufa. Joto linakimbia." Ile ya zambarau, nzuri kupita zote, ilikuwa na joto kama mtoto mwenye homa. Nikamwambia aiondoe kwenye rafu, ataua watu wa watu. Hakuiondoa. Ile ya kubonyeza ilikuwa baridi nje kabisa, utadhani haina kitu ndani. Nikaichukua. Bei sitaki hata kuitaja.

Jumapili niliifanyia mtihani. Alfajiri niliisuuza kwanza kwa maji yanayochemka, kama Sharmarke alivyoniagiza, nikajaza kahawa mpaka shingoni, nikaenda kanisani, nikarudi, nikapita mbele yake mara thelathini bila kuigusa. Saa kumi na mbili jioni nikabonyeza. Ikaniunguza ulimi!

"Asante Yesu!" nikapiga kelele na ulimi wangu unawaka.

Baba alikuwa akinitazama kutoka kwenye kochi. "Thamosi nzuri hiyo," akasema. Akainuka, akaifuta kwa kitambaa, akaiweka mwenyewe katikati ya meza, juu ya kitambaa cha kufuma alichokiacha mama. Nilifurahi mpaka nikaimba nikiosha vyombo.

Jumatatu alfajiri nilimwamsha nikamwonyesha. "Baba, bonyeza hapa." Akabonyeza kwa mkono wa kushoto, kikombe kikajaa bila tone kumwagika. "Umeona? Kunywa hii siku nzima. Meko usiguse."

"Kwani nimekataa?"

Saa mbili nikapiga simu. Saa tano nikapiga. Saa tisa nikapiga. Kila mara ananijibu, "Niko sawa." Jioni nilipofungua mlango, hata mkoba sijauweka, Baba alikuwa amesimama na kikombe cha kabatini, kile kizuri chenye kisahani chake.

"Karibu, karibu. Nikumiminie?"

Nikainyanyua thamosi. Imejaa. Imejaa vilevile kama nilivyoiacha!

"Baba! Hii ni yako!"

"Kunywa kidogo tu. Bado ni moto."

"Sitaki! Nilikuwekea wewe!" Nikaenda nikaimwaga yote kwenye sinki, na meko nilipoyagusa yalikuwa na uvuguvugu.

Jumanne hivyohivyo. Karibu, karibu, nikumiminie. Thamosi imejaa, sufuria imelowa. Jumatano nikalipuka. Nilisema maneno mabaya na nitayasema hapa kwa sababu niliyasema. Nilimwambia, "Unataka kuniua? Unataka Kyalo akuchukue nipumzike?" Baba alikirudisha kile kikombe kabatini polepole kwa mkono wa kushoto, kisha kisahani, kisha akafunga kabati. Nikaingia chumbani nikabamiza mlango.

Unajua nilimlaumu nani? Thamosi. Nikasema labda ni ngumu kubonyeza. Labda inanuka plastiki. Labda rangi ya fedha haimpendezi, mchongaji ana macho yake. Alhamisi stoo niliacha kazi ya watu nikawa nachora thamosi nyuma ya karatasi ya mizigo, ile ya kitufe upande huu, ile ya kubonyeza upande huu, nikitafuta kosa liko wapi. Nilikuwa nimeshaamua kumrudishia Sharmarke. Saa tano na kitu simu ikalia. Opicho, keateka anayeangalia ploti yetu ya nyumba.

"Sasa madam. Buda wako ametuanzia tena. Moshi umejaa korido yote."

Sikumbuki nilimwambia nini Wasike, msimamizi wangu. Nakumbuka bodaboda, na mimi nikimpiga dereva mgongoni aongeze mwendo. Nilipofika orofa ya tatu, Opicho alikuwa mlangoni ameshika sufuria yetu, nyeusi tititi, ameishika kama ushahidi.

"Mzee yuko?"

"Mzee yuko poa, ako kwa huyu jirani, Kawsar. Huyo ndiye amezima. Lakini madam, hii sasa imezidi. Kyalo nimempigia, namba yake ndiyo iko kwa agrimenti ya nyumba. Amesema Jumapili ya mwisho wa mwezi anakuja na gari."

Basi. Kilichonitisha siku zote kilikuwa kimefika na tarehe yake.

Nikaingia kwa Kawsar bila kubisha. Na Baba huyo! Ameketi juu ya zulia, ameegemea mto, miguu ameinyoosha, glasi mkononi. Mbele yake, katikati ya zulia, ilikuwa thamosi ya Kawsar, kubwa, imepigwa mikwaruzo, ile ambayo inashinda hapo kutwa na kila anayeingia anamiminiwa. Kawsar alikuwa akimjazia glasi ya pili ya chai ya iliki.

"Baba, hiyo si ya thamosi?"

"Ni ya thamosi."

"Na unakunywa?"

"Nimekaribishwa."

Wee! Nilihisi kichwa kinapasuka. "Ya watu unakunywa! Na yangu je? Yangu nimeitafuta maduka sita, nimeunguza ulimi, imekaa pale siku nne inakutazama! Yangu ina sumu?"

Baba aliniangalia kama vile mimi ndiye niliyepata kiharusi.

"Nzisa," akasema, "thamosi ni ya wageni. Mtu anaanzaje kujimiminia ya wageni nyumbani kwake? Nilipotaka yangu, nilijipikia yangu."

Hapo ndipo nilipoikumbuka. Thamosi nyekundu ya mama, yenye maua ya waridi, juu kabisa ya kabati chini ya kitambaa cha kufuma. Mama yangu Kanyiva aliijaza kila Jumapili, wageni waje wasije, na sisi watoto hatukuthubutu hata kuikaribia. Siku moja Baba alirudi kutoka banda la wachongaji amenyeshewa, anatetemeka, akanyoosha mkono kwenye ile thamosi. Mama akampiga kofi mkononi. "Kwani wewe ni mgeni?" Tulicheka juma zima. Baba alikaa miaka thelathini na mama, na hakuigusa tena. Mimi nilikuwa nimezunguka Mutindwa nzima nikipima chuma na kioo, na kitu hiki nilikuwa nimekijua tangu utoto.

"Lakini Baba," nikasema, sauti imeshuka, "kwetu hakuji mgeni."

"Wewe huji?"

Hakusema kwa ubaya. Hilo ndilo lililoniumiza.

"Unatoka mimi nimelala," akaendelea. "Unarudi jioni, unauliza nimekula nini, unaenda kulala. Nikasema, huyu mtoto akija, angalau apate kitu moto. Nakumiminia, unakataa. Halafu unamwaga."

Kawsar akainama akaanza kuokota makombo ya mkate kwenye zulia, makombo ambayo hayakuwapo. Mimi nililia. Nililia pale pale mlangoni na sare yangu ya kazi, na sikuona aibu. Nilijichukia kwa kila kikombe nilichokimwaga.

Kawsar ndiye aliyetuokoa, kama kawaida yake. "Dada Nzisa, mimi niko hapa kutwa na watoto. Leta hiyo thamosi yako huku asubuhi. Adeer akija kwangu ni mgeni, na mgeni atakunywa." Adeer ndivyo anavyomwita Baba, kama Wasomali wenzake wanavyomwita ndugu ya baba.

"Atakubali?"

"Muulize, si huyu hapa?"

Baba akafikiri kidogo. "Nikikaribishwa," akasema.

Nilikuwa na siku kumi na saba kabla Kyalo hajaja. Nilikwenda kwa Wasike nikamwambia ovataimu basi, na kuingia alfajiri basi, nataka kuingia saa mbili nitoke saa kumi kama watu wengine. Akanung'unika, akasema wanaoitaka nafasi yangu wako getini. Nikamwambia awaite. Hakuwaita.

Kila asubuhi nikawa naamka, napika kahawa, Baba amesimama nyuma yangu ananielekeza kana kwamba sijawahi kuona tangawizi. Kikombe cha kwanza tunakunywa pamoja kutoka sufuriani, tumekaa, na kukaa kwenyewe kulikuwa kazi kwangu. Miguu inacheza chini ya meza, macho kwenye saa. Nasuuza thamosi kwa maji yanayochemka, najaza mpaka shingoni, naipeleka kwa Kawsar. Regyuleta inaingia kwenye mkoba. Makaa nilikwisha kuyagawa yote. Saa tano Baba anavaa kofia yake, anavuka korido hatua nne, anabisha hodi. Saa tisa tena. Akaanza hata kuwachongea watoto wa Kawsar vitu kwa mkono wa kushoto. Twiga mmoja alitoka ni mbuzi kabisa, watoto wakampenda hivyohivyo. Jioni narudi na thamosi nyumbani, namkuta na kikombe kizuri. "Nikumiminie?" Nasema, "Nimiminie, Baba." Na nakunywa. Ya uvuguvugu kidogo kufikia hapo, maana thamosi imebaki nusu, lakini nakunywa yote.

Jumapili ya mwisho wa mwezi Kyalo akaja na pikapu. Nilichungulia dirishani nikaona kamba za kufungia godoro zimeshawekwa nyuma. Siku hiyo tangu alfajiri sikuwa nimekaa. Nilifagia mara tatu. Nilimvalisha Baba koti, nikamvua, nikamvalisha tena. Thamosi ilikuwa mezani kwetu, imejaa tangu saa kumi na mbili asubuhi, kwa sababu Jumapili hiyo tulikuwa na mgeni wa kweli.

"Karibu, karibu," Baba akasema. Akamkalisha Kyalo kwenye kiti kizuri. Akaleta kikombe cha kabatini na kisahani chake, akaweka kiganja cha kushoto juu ya thamosi, akashindilia. Mvuke ukapanda. Hakikumwagika kitu.

Kyalo akanywa, akashtuka, akapuliza. "Moto hivi! Imepikwa saa ngapi?"

"Alfajiri," nikasema. Ilikuwa saa tisa.

"Na gesi?"

Nikafungua mkoba nikamwonyesha regyuleta. Alikuwa bado anaitazama mlango ulipobishwa, na binti mdogo wa Kawsar akaingiza kichwa. "Adeer, leo huji? Hooyo anauliza."

"Leo nina mgeni," Baba akamjibu kwa fahari. "Mwambie mama yako kesho."

Kyalo akamtazama Baba, akatazama mbuzi-twiga mwingine aliyechongwa nusu, yuko mezani, akanitazama mimi niliyesimama nimeshika ufagio kwa mara ya nne. Kisha akanyoosha mkono kwenye thamosi ajiongeze. Baba akausukuma mkono wake. "Mgeni hajimiminii," akasema, akamjazia.

"Basi," Kyalo akasema mwishowe, akimaliza kikombe cha pili. "Nitakuja tena Desemba tuone. Lakini Nzisa, moshi ukitoka humu..."

"Hautatoka."

Zile kamba hazikushuka kwenye gari. Nikavuta kiti nikakaa, mara ya kwanza siku hiyo, nikachukua kikombe changu cha kila siku nikakisogeza mbele ya Baba, karibu na kile cha Kyalo, nimiminiwe.

Baba akakitazama kikombe. Akanitazama mimi.

"Jimiminie," akasema. "Kwani wewe ni mgeni?"